Kilichohamishika ni Sisi

Mama mkwe wangu ni mtu wa Lushoto, na mtu wa Lushoto ukimleta Dar es Salaam mwezi wa Februari umemkosea. Kule kwao, juu ya milima ya Usambara, watu hulala na mablanketi mawili na bado asubuhi wanaota moto jikoni. Huku kwetu Sinza, Februari ni fukuto tupu. Unaoga, unajifuta, na kabla hujafika mlangoni unahitaji kujifuta tena, safari hii jasho. Alipopiga simu kusema anakuja kumwona mjukuu wake kwa wiki tatu, mke wangu alipiga vigelegele. Mimi nikainua macho nikalitazama pangaboi letu. Lina spidi tano, na zote ni moja.

Huyu ni mkwe aliyekubali nusu ya mahari niimalizie baada ya mtoto wa kwanza kutambaa. Deni la namna hiyo halilipwi kwa pangaboi. Nikaamua nitafunga kiyoyozi.

Tatizo la kwanza lilikuwa mwenye nyumba. Mkataba wetu wa kupanga una ukurasa mmoja na nusu, na hiyo nusu yote inahusu misumari. Kutoboa ukuta kwa ajili ya kiyoyozi cha kawaida, kile ambacho kipande kimoja hukaa ndani na kingine kikanguruma nje, hakukuwa jambo la kuulizia. Ndivyo nilivyojikuta Kariakoo, mbele ya kijana mwenye maneno matamu na kabati jeupe lenye magurudumu.

"Mkuu wangu, hii haina fundi wala kutoboa. Ukiitaka sebuleni, sebuleni. Ukiitaka chumbani, chumbani. Unahama nayo."

Ubavuni imeandikwa BTU 12,000. Mafundi huiita tani moja, na hawazungumzii uzito. Ni kipimo kilichobaki tangu enzi za kupoza vyakula na majumba kwa barafu, sawa na ubaridi wa tani moja ya barafu ikiyeyuka kwa saa 24. Nikalipa laki nane na nusu nikijiona napandisha tani ya barafu nyumbani. Nilichopandisha ni kilo 34 za chuma na plastiki, ghorofa ya tatu, kwa ngazi. Yale magurudumu yanajua sakafu ya vigae tu. Vijana wawili waliolibeba walipumzika kila ghorofa, na kila walipopumzika bei ilipanda.

Familia ikakusanyika. Nikachomoa kijitabu cha maelekezo, na humo nikakuta kwamba mashine ikisafirishwa imelazwa, isimamishwe saa 24 kwanza kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Yetu ilikuja imelala chali juu ya guta, kutoka Kariakoo hadi Sinza, ikitazama mbingu. Usiku huo tulilala na kiyoyozi kipya kama watu wanaolala njaa karibu na sufuria ya pilau.

Kesho yake ndipo nilipokutana na bomba. Muuzaji alilitaja kwa haraka, kama mchumba anavyotaja deni. Ni bomba nene la mikunjo kama mkonga wa tembo, upana wake sentimita 15, nalo lazima litoke nje, kwa sababu kiyoyozi hakiumbi baridi. Kinachota joto chumbani na kulitupa kwingine. Bomba lisipotoka nje, joto linazunguka tu humo humo ndani na mita ya umeme inazunguka nalo.

Sasa, ndani ya boksi kulikuwa na kipande cha plastiki cha kuziba pembeni ya dirisha. Aliyekibuni anaishi nchi ambayo madirisha hayana nondo. Sisi tuna kioo cha kuteleza, wavu wa mbu, halafu nondo, na kati ya nondo na nondo hapapiti hata mkono wa mtu mnene, sembuse mkonga wa tembo. Fundi wa kuchomelea alikuja, akapima kwa jicho, akasema atakata nondo mbili. Nikakumbuka ile nusu ukurasa ya misumari, nikamlipa nauli akaondoka.

Tundu pekee lililobaki katika nyumba nzima ni mlango wa balkoni, na mlango wa balkoni uko sebuleni. Nikauacha wazi kidogo, bomba likatokezea, nafasi iliyobaki nikaiziba kwa boksi la ile ile mashine, vipande vya godoro kuukuu na gundi ya karatasi roli tatu. Ukiitazama kwa mbali, sebule yetu ilifanana na kibanda cha mlinzi. Na mashine ambayo ingehama nami nyumba nzima ikawa imesimama mahali pamoja kama mwembe. Tuliohama ni sisi. Godoro la mama mkwe likahamishiwa sebuleni. Mtoto akamfuata bibi yake. Dada wa kazi akamfuata mtoto, mke wangu akamfuata mama yake, na mpwa wangu anayesoma chuo, ambaye kwa kawaida hatumwoni hadi fedha zimwishie, naye akahamia mlangoni na mto wake.

Nikabaki mimi. Mwenye kujua adabu za ukwe anajua kwamba mwanamume halali chumba kimoja na mama wa mkewe, hata kama chumba hicho kimegharimu laki nane na nusu. Basi nikalala chumbani peke yangu, chini ya pangaboi la spidi moja, nikisikiliza ubaridi wangu ukinguruma upande wa pili wa ukuta.

Na ulinguruma kwelikweli. Kiyoyozi cha ukutani huacha kompresa yake nje, majirani ndio wanaoisikia. Hiki cha magurudumu kimebeba kila kitu tumboni, kompresa, feni mbili na makelele yao, na kinalala na wewe. Kikizimika kwa dakika mbili unashtuka kwa ukimya, kikiwaka tena unashtuka kwa kishindo. Asubuhi nilikwenda kusalimia.

"Shikamoo mama. Umelalaje?"

"Marahaba, baba. Nimelala salama. Ila usiku kucha nimeota nimepakiwa kwenye lori la saruji, linapanda Soni."

Anayeijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto anajua kona za Soni. Nikamuuliza ndoto iliishaje.

"Halikufika."

Siku ya tatu akamwita mke wangu pembeni na kumuuliza kama tuna ugomvi na mtu, maana kila mashine ikiwashwa nyumba inanuka samaki. Hapo ilibidi nisome. Jirani yetu wa chini hukaanga vibua vya kuuza kuanzia saa kumi jioni, jambo ambalo halijawahi kutusumbua kwa miaka minne. Lakini mashine yenye bomba moja hutoa nje hewa ya ndani, tena ile uliyokwisha kuilipia ipoe. Chumba hakikubali kubaki kitupu, kwa hiyo kinavuta hewa nyingine kupitia kila upenyo kinaoupata. Chini ya mlango wetu pana upenyo wa vidole viwili, na ng'ambo ya mlango ni ngazi, na chini ya ngazi ni karai la vibua. Ni sawa na mtu anayefua maji mtumbwini huku mguu wake mwenyewe umetoboa sakafu. Nikaziba chini ya mlango kwa taulo. Hewa ikaanza kuingia kutokea chooni. Tukarudi kwa samaki.

Marekani wameliona hili. Wizara yao ya Nishati imeweka kipimo kinachohesabu upotevu huo pamoja na joto la bomba lenyewe, ambalo ukiligusa utadhani birika, na kwa kipimo hicho mashine iliyoandikwa 12,000 inaweza kushuka hadi 7,000 au 8,000 hivi. Kariakoo habari hizo hazijafika. Tena toa wageni. Mtu aliyetulia hutoa joto la karibu wati 100, na habari za ubaridi wetu zilikuwa zimeenea. Jioni ya tamthilia niliwahesabu watu tisa sebuleni, wanne siwajui kwa majina. Karibu wati 900 za majirani, wamekaa wamekodoa macho, wakiipasha moto nyumba ninayoipoza.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya maji. Hewa ya Dar ikigusa vyuma baridi vya kiyoyozi inatoa jasho kama glasi ya juisi mezani, na jasho hilo linakusanyika kwenye tangi dogo tumboni mwa mashine. Tangi likijaa, mashine inajizima, inawasha taa nyekundu na kupiga kelele. Ya kwetu ilichagua saa tisa usiku. Mke wangu akaja kuniamsha: tundu la kumwagia liko chini kabisa, vidole vitatu kutoka sakafuni, ndoo haiingii, na kuiinamisha kunahitaji mwanamume.

Nikapiga hodi kwa kunong'ona. Nikaingia kinyumenyume, macho darini, heshima zangu zote mgongoni. Mke wangu akaleta chombo pekee kilichokuwa kifupi cha kutosha, sinia la pilau la harusi yetu. Nikainamisha kilo 34, akachomoa kizibo, maji yakatoka kwa haraka ambayo hakuna aliyetuonya. Sinia likajaa kwa kufumba na kufumbua. Nikaliinua bado natazama dari, nikapiga hatua mbili gizani, nikakanyaga mpwa.

Maji ya kiyoyozi ni ya baridi sana. Nalijua hilo kwa sauti aliyotoa mama mkwe.

"Baba!" mwanangu akapiga kelele kutoka gizani, "kiyoyozi kimemkojolea bibi!"

Hakukasirika. Watu wa milimani wana subira, na kulipokucha alikuwa amegeuza lile janga kuwa mradi. Mtaa wetu wiki ile maji ya bomba yalikuwa hayajatoka siku nne. Mama mkwe akatafuta mpira mwembamba, akauchomeka kwenye lile tundu, mashine akataka ipandishwe juu ya matofali mawili, na beseni likakaa chini. Usiku mmoja tulipata karibu lita 10. Tukapigia deki, tukafulia soksi. Kunywa nilikataza, kwa kuwa maji hayo yamepita kwenye vyuma na vumbi. Akaniambia kwa upole kwamba sasa ameielewa: hii ni mashine ya maji, ubaridi unatokea kwa bahati.

Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba yuko sahihi kuliko muuzaji. Mwaka 1902, Willis Carrier alipobuni mtambo unaohesabiwa kuwa kiyoyozi cha kwanza cha kisasa, kazi yake haikuwa kumpoza binadamu yeyote. Kiwanda kimoja cha uchapishaji huko Brooklyn, New York, kilikuwa kinateswa na unyevu: karatasi zinavimba, rangi hazikai mahali pake. Mtambo ule ulikuja kukausha hewa kwa ajili ya karatasi.

Umeme nitausema kwa kifupi kwa sababu bado unauma. Mashine inakula kama wati 1,200. Saa nane za usiku ni uniti tisa na ushee, na kwa kuwa shilingi 1,000 inatupa uniti 2.8 hivi, kila kulipokucha nilikuwa nimelala joto kwa shilingi 3,400. Pangaboi kwa saa zile zile halifikishi 300. Mita ya LUKU ikajifunza kulia alfajiri pamoja na jogoo wa jirani. Jioni moja mke wangu alichomeka pasi wakati mashine inanguruma, giza likashuka, nami nikalipigia simu shirika la umeme kwa ukali kuuliza kwa nini wamekata umeme Sinza. Nilikuwa bado hewani nilipochungulia nje nikaona Sinza yote inawaka isipokuwa sebule yangu.

Wiki ya pili mama mkwe alichukua mkeka na chandarua, akaomba ruhusa ya kulala balkoni, kwenye upepo. Ila bomba linatapika joto huko huko balkoni. Kwa hiyo ili mgeni apate usingizi, ilibidi tuzime kile tulichomnunulia apate usingizi. Alilala mpaka jua likamfikia. Asubuhi ile ndiyo niliyomsikia akiimba kwa mara ya kwanza tangu afike.

Amekwisha rudi Lushoto. Mashine ipo sebuleni, tumeitandika kitambaa, juu yake pana redio na picha ya harusi. Wiki iliyopita alipiga simu kusalimia, akauliza hali ya mjukuu, kisha akauliza kama lile lori limefika.

Inauzwa. Inamfaa mtu mwenye dirisha lisilo na nondo, jirani asiyekaanga, na mkwe mwenye usingizi mzito. Bei tutazungumza. Guta ni juu ya mnunuzi, na isafirishwe ikiwa imesimama.