Mashine ya Kwanza ya Santuri: Njia za Mkato kwa Mtu wa Mjini

Ndugu yangu, tuzungumze wawili tu. Umefika kwa mtu ukakuta sahani nyeusi inazunguka sebuleni, mkono umelala juu yake, gitaa la solo linalia kama mpigaji yumo chumbani. Umerudi kwako, ukaitazama sabufa yako, ukaionea haya. Sasa unataka mashine ya santuri, na unataka wageni waione. Hakuna ubaya. Wengi tuliingilia mlango huohuo wa kujionyesha, muziki ukatukamata tukiwa tumeshakaa. Nitakupa njia za mkato zote ninazozijua. Sehemu mbili tatu hazina mkato, na hizo nitakwambia.

1. Jifunze maneno matatu tu kabla ya kwenda dukani: santuri, sindano, mkono. Basi. Mteja anayeongea sana Kariakoo huuziwa maneno yake mwenyewe.

2. Siku ya kwanza nenda bila hela. Zunguka Msimbazi, kata Aggrey, toka Uhuru, uliza bei, shukuru, ondoka. Kariakoo ilipata jina kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza, Carrier Corps, na mpaka leo kila anayepita hapo anabebeshwa kitu. Wewe siku hiyo usibebe.

Utaonyeshwa kwanza mashine ya begi, ile yenye kifuniko na vispika ndani. Inapendeza, na pichani hakuna inayoishinda. Kama nia yako ni picha, inunue na usome hatua ya 7. Lakini nyingi za aina hiyo zina kichwa cha bei rahisi kinachokandamiza sindano kwa gramu tano au zaidi, wakati kichwa cha kawaida kinatosheka na gramu mbili hivi. Na spika ikiwa kwenye boksi moja na sindano, kila besi ikipiga inautikisa mkono. Kwa santuri mpya utavumilia. Kwa santuri ya bendi ya Western Jazz iliyokwisha kuchezwa kwenye harusi tatu za mwaka 1968, hapana.

Njia ya mkato ya heshima ni mashine ndogo inayojiendesha, mfano wa Audio-Technica AT-LP60. Unabonyeza, mkono unanyanyuka wenyewe, unashuka mahali pake, ukimaliza unarudi kulala. Wajuzi watakwambia ununue Technics SL-1200, ile ya mwaka 1972 iliyokuja kuwa mashine ya madisko dunia nzima. Waitikie kwa adabu. Wewe bado mkono unatetemeka, na mkono unaotetemeka ndio unaokwangua santuri. Acha mashine ikufichie aibu.

3. Hapa hakuna mkato: mtumba. Mashine nzuri kuliko zote mjini zilikuja zimetumika, na ndizo zinazoungua. Igeuze, soma kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Ya Japani imeandikwa 100, ya Marekani 120. Usikubali kauli ya "inapiga kazi hiyo, kaka" kabla hujaona transfoma ya kushusha umeme. Nimeona mashine safi, kioo hakina hata mkwaruzo, ikitoa moshi mezani kwa muuzaji mteja akiwa bado anahesabu hela.

Kisha soma namba ya pili, Hz. Sisi tuko 50, Marekani wako 60, Japani yenyewe imegawanyika, mashariki 50 na magharibi 60. Mashine ambayo mota yake inafuata mapigo ya umeme, ikitoka kwenye 60 ikaja kwetu, itazunguka polepole, na transfoma haitakusaidia. Mwimbaji wetu Mbaraka Mwinshehe ataimba kama mtu aliyeamshwa saa nane za usiku.

Sasa nikupe siri ya kupima bila chombo chochote. Bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani ya mashine, weka mwendo wa 33, shika simu yenye saa. Sekunde 18 ni lazima ipige mizunguko 10 kamili. Ukihesabu minane na kidogo, hiyo ni ya 60. Ukiweka 45, sekunde 20 ni mizunguko 15. Hesabu kwa sauti. Muuzaji atakutazama, wapita njia watasimama, na bei itashuka kabla hujaomba. Hesabu hii peke yake imeniokolea pesa nyingi kuliko maneno yote ya kuomba punguzo.

Mwisho, chungulia chini ya sahani ya mashine. Kama inaendeshwa na mkanda wa mpira, uguse. Joto la stoo huulegeza au kuuyeyusha ukawa kama gundi. Hilo lisikukimbize, mkanda unabadilishwa. Sindano nayo inabadilishwa, ila uliza kwanza kama ya kichwa hicho inapatikana.

4. Kuhusu sabufa: usiitupe. Wajuzi watakataza, mimi naruhusu. Ila sauti inayotoka kwenye kichwa cha santuri ni ndogo mno, ni sehemu chache tu kati ya elfu za volti moja, na ukiichomeka moja kwa moja utasikia mbu. Tafuta nyuma ya mashine swichi yenye PHONO na LINE, isukume kwenye LINE, chomeka kwenye AUX ya sabufa. Kama swichi haipo, utahitaji kiboksi cha kuongeza nguvu. Punguza besi. Muziki wetu wa dansi ulirekodiwa magitaa yaongee, na sabufa ikiachiwa itayafunika.

5. Sindano ikiruka, mkongwe yeyote atakufundisha kuweka sarafu juu ya kichwa. Senti hamsini ya sungura imefanya kazi hiyo kwenye nyumba nyingi. Inafanya kazi kweli, na inakula santuri kweli. Badala yake, isafishe. Unyevu wa Dar huzaa ukungu kwenye mifereji, na kinachorusha sindano mara nyingi ni uchafu. Kitambaa laini, maji ya betri yale yasiyo na asidi, futa kwa kufuata duara. Hiyo ni kazi ya dakika mbili. Usitumie spiriti kwenye sahani nzito za zamani za mizunguko 78, kama za enzi ya mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Spiriti inaziyeyusha. Na hizo zina sindano yake, pana zaidi. Usizijaribu na hii ya kawaida.

6. Weka mashine mahali inapoonekana kutoka mlangoni. Usiiweke juu ya sabufa, wala dirishani jua linapopiga, santuri itajikunja kama chapati. Mafundi seremala wa Keko watakuchongea rafu ya ukutani kwa siku chache.

7. Wageni wamefika. Shika santuri kwa kingo, viganja viwili, usiguse uso. Itazame lebo kimya kidogo. Kisha sema: "Hii ilitengenezwa Nairobi." Kwa santuri za bendi zetu za miaka ya sitini na sabini utapatia karibu kila mara, kwa kuwa mitambo ya kukandamiza santuri ilikuwa kule. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini kanda zile zilikuwa za kurushwa hewani. Aliyetaka sahani alipanda basi. Ukiona wamevutiwa, ongeza kwamba mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi 1983. Hapo utaonekana profesa, na hujasema uongo hata mmoja.

8. Santuri zenyewe utazitoa wapi? Chache ziko mtaani. Nyingi ziko Ilala, Magomeni, Temeke, chini ya vitanda vya wazee, ndani ya masanduku ya bati. Ufunguo ni shikamoo. Usifike ukitaja bei. Fika, kaa, nywa chai, muulize mzee alikuwa akicheza dansi ukumbi gani.

"Shikamoo mzee. Zile santuri bado unazo?"

"Marahaba. Ninazo, mwanangu, ila mashine ilikufa."

Hapo ndipo ujanja wote unapokoma. Kumpa mzee elfu tano na kuondoka na ujana wake mzima ni wizi, hata akikushukuru. Mpelekee mashine yako. Msafishie santuri zake mbele yake, mpigie. Nimeona mama mtu mzima akishika lebo ya inchi 7 iliyopauka, akasugua kwa kidole gumba mahali palipoandikwa jina kwa kalamu, la mtu aliyemnunulia. Hakusema neno mpaka gitaa lilipoingia. Ukishamaliza, zirekodi, mwekee kwenye flashi, mpe. Akitaka kuuza baada ya hapo, mpe bei ambayo ungeipenda wewe ungekuwa na miaka sabini.

9. Na hili usilisahau hata ukiyasahau mengine. Mara nyingi sahani ya inchi 7 haikutosha kubeba wimbo wetu wa dansi mzima. Waliukata. Upande wa kwanza una hadithi na mashairi, upande wa pili una chemko, pale magitaa yanaposhikana na tarumbeta zinaingia. Mashine inayojiendesha itarudisha mkono na kunyamaza, na wageni watadhani wimbo umekwisha. Nyanyuka, igeuze.