Habu Iliyofika Masaka

Ukitaka kujua wasomi wangapi wamebaki Bukoba baada ya wenzao wote kuhamia Dar es Salaam, fungua boneti ya Land Rover kuukuu kando ya barabara pale Hamugembe. Hutamaliza kuegesha jiwe nyuma ya tairi kabla hawajafika. Sisi watu wa Kagera tunaitwa nshomile, yaani wasomi, na jina hilo hatujawahi kulikataa.

Gari ni la mjomba wangu wa Kamachumu, Land Rover 109, toleo la tatu, lile lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1971. Linabeba kahawa, ndizi, na mara mojamoja maharusi. Ukimsikiliza mwenyewe, lilipigana vita vya Kagera na kufika Masaka, Uganda, mapema 1979. Ni kweli serikali ilichukua magari mengi ya raia kwa ajili ya vita vile. Ila nimezunguka Muleba nzima, sijapata mzee mwenye Land Rover ya zamani anayekiri kwamba lake lilibaki nyumbani.

Safari hii wota pampu ilianza kulia tukiwa tunapanda na mzigo. Feni ikawa inayumba, ncha zake zikiitamani rejeta. Maji yakadondoka kwenye kile kitundu cha chini ya pampu, ambacho Waingereza walikitoboa makusudi ili sili ikichoka maji yatoke nje yasiue beringi. Tukaja Bukoba kwa mwendo wa msiba, tukiongeza maji Muhutwe na tena Kemondo.

Fundi wa gereji bubu alitoa feni na puli kwa urahisi uliotudanganya wote. Ikabaki habu. Ni kipande cha chuma cha duara, ukubwa wa kikombe cha chai, kilichoshindiliwa kwenye shafti ya pampu kwa presi. Hakina nati wala pini, na huruma pia hakina. Kimekaa pale kwa kubanwa tu, halafu mvua za Bukoba, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, zimekiongezea kutu miaka yote hiyo. Na bila kukitoa hufikii beringi wala sili.

Mwenye pula ya kuichomolea yupo mjini. Ila siku hiyo alikuwa Karagwe, na pula alikuwa nayo.

Fundi akachukua nyundo. Kila pigo lilimwingia mjomba mbavuni. "Taratibu, fundi! Hiyo nyumba ya pampu ni chuma cha kuyeyusha, ukiikosea inapasuka!"

"Nagonga kwa adabu, mzee."

Hapo ndipo kongamano lilipofunguliwa. Dereva mstaafu wa malori alitaka tuiloweshe dizeli tulale. Kijana wa bodaboda akatoa simu kutuonyesha Mzungu aliyeitoa kwa dakika mbili, karakana yake safi kuliko hospitali. Mwalimu mstaafu wa fizikia alisubiri wote wanyamaze, kama desturi ya walimu.

"Chuma kikipata joto kinatanuka," alisema. "Pasheni habu."

"Mwalimu, na shafti iliyomo ndani ya habu si itatanuka nayo?" mjomba akauliza.

"Ndiyo maana unapasha haraka, habu itangulie kabla joto halijafika kwenye shafti." Akaokota kijiti akachora duara mbili vumbini. Mchoro ulikuwa mzuri sana. Gesi ya mchomeleaji ikaisha katikati ya mchoro.

Mama muuza senene, ambaye muda wote alikuwa anafunga vifuko vyake kimya, aliuliza, "Kwani pampu nzima haiuzwi?" Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa kwenye mambo ya kitaalamu.

Mwishowe fundi alikwenda Kashai, akarudi na bapa la springi ya lori lililotobolewa matundu matatu. Bolti mbili za pembeni akazifunga kwenye matundu ya feni, ya katikati ikasukuma shafti. Akakaza robo mzunguko, akagonga kichwa cha bolti, akakaza tena. Mwalimu akaleta joto lake, safari hii kwa jiko la mkaa. Dereva akamwagia dizeli, tukamkemea kwa sababu ya jiko.

Paa!

Kimya. Mjomba alifumba macho, akijua shafti imekatika. Habu ilikuwa inabingirika kuelekea mtaroni, nzima. Mwalimu akasema ni joto. Dereva akasema ni dizeli, imechukua muda tu kupenya. Kijana wa bodaboda akasema hata yule Mzungu alifanya hivyohivyo.

Beringi na sili tulikuwa tumeviagiza Mwanza. Asubuhi meli ya New Victoria Hapa Kazi Tu ikaleta boksi, fundi akalifungua mbele ya kadamnasi. Beringi moja moja dukani zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo muuzaji alitutumia pampu nzima, mpya, habu ikiwa imeshashindiliwa mahali pake. Mama wa senene alitazama boksi, akatutazama sisi, akaendelea kufunga vifuko.

Mjomba alivaa miwani akasoma: imetengenezwa India. Akaizungusha ile habu mpya kwa kidole, akaguna.

"Hii siijui mimi. Ile yangu imefika Masaka. Fundi, ichomoe hii, uweke ile."

Mwalimu, ambaye alikuwa ameshaaga, alirudi akatafuta kijiti.