Ratiba ya Vichwa

Mwanafunzi anayelala kwao Kabuchai na kusoma Chuo Kikuu cha Kibabii ana sifa moja mbaya: huchelewa. Darasa la saa mbili asubuhi yeye huingia saa tatu kasorobo, unyoya wa kuku umenasa kwenye sweta, na mhadhiri, bila kuuliza, ameshaamua kwamba kijana alilala. Mimi nasema hakulala. Anatumikia ratiba mbili zisizosalimiana: ya chuo imepangwa kwa saa, ya gari imepangwa kwa vichwa. Mwenye pesa za kukodi gari peke yake huweza kuishi kwa saa. Asiye nazo huishi kwa vichwa, na kuwahi kwake darasani kumo mikononi mwa watu asiowajua, ambao wakati huo bado wanakunywa chai kwao.

Tazama steji ya Chwele, huko huko Kabuchai, alfajiri. Probox imeelekeza pua Bungoma, injini inanguruma, dereva ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyechelewa mazishi. Gari linasogea hatua mbili mbele, linarudi mbili nyuma. "Prof, ingia twende, ni wewe tu tunangoja!" Na kweli ndani kumejaa. Prof, yaani mwanafunzi wetu, akishakaa na kulipa, abiria mmoja anakumbuka simu aliyoiacha ikichajiwa, wa pili anashuka kwenda haja, wa tatu anashuka tu, hana hata sababu. Kumbe ni watu wa steji, kazi yao kujaza viti. Anabaki Prof, mama mmoja mwenye jogoo wawili, na gunia la vitunguu lililolipiwa nauli yake na kupewa nafasi nzuri kuliko wote.

Aamke mapema basi, atasema mzazi. Ushauri huu una busara yote isipokuwa hesabu. Tuseme abiria mmoja anatokea kila dakika tatu, na gari linataka kumi. Wa kwanza kuingia atakaa dakika 27. Wa kumi hatakaa hata moja. Na kwa kuwa kabla ya jua kuchomoza abiria ni haba zaidi, aliyeamka saa kumi huweza kuondoka pamoja na aliyeamka saa kumi na moja, ndani ya gari lile lile, tofauti yao ikiwa kwamba wa kwanza mguu wake wa kushoto umeshakufa ganzi. Mpango huu humwadhibu mwenye bidii na kumtuza mzembe. Ndiyo maana utawakuta wanafunzi werevu wamejibanza nyuma ya kibanda cha chai, kila mmoja akijidai anamngoja mwenzake, macho yakihesabu vichwa kupitia vioo. Kila mtu anataka kuwa wa mwisho kuingia, na gari ambalo wote wanataka kuwa wa mwisho haliondoki.

Utaniambia sheria ya idadi ya abiria ipo. Ipo. Kanuni alizosimamia waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki, mwaka 2004 zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, zikapiga marufuku abiria kusimama ndani ya matatu. Nissan ya watu 14 ikawa ya watu 14, angalau mbele ya kizuizi cha polisi. Probox nayo ilitoka kiwandani na viti vitano, cha dereva kikiwemo, lakini vijijini hubeba abiria kumi: mmoja anagawana kiti na dereva mwenyewe, na waliokaa buti wanasafiri wakitazama walikotoka. Wengi hulalamikia kubanwa; mimi nalalamikia kungoja. Gari linalotosheka na abiria wanne lingeondoka baada ya dakika tisa. Kila anayesukumwa buti ni dakika tatu za mhadhara. Hapa lakini mwenye gari ana neno, nami sina la kumjibu: hao wanne wangelipa nauli mara mbili na nusu. Mwanafunzi huona nauli ni nafuu kwa sababu salio analilipa kwa muda, na muda hauna risiti ya kumwonyesha mhadhiri.

Na pikipiki? Hilo ndilo gari la kichwa kimoja, ukipanda limejaa. Tangu serikali iondoe ushuru wa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, ziko kila njia panda, na biashara yenyewe ilianzia hapo jirani, mpakani Busia, enzi za baiskeli. Ila mwenye pikipiki naye anajua kuhesabu: abiria mmoja hulipia gari zima. Wanafunzi wakipanda wawili ili wagawane nauli, wamevunja sheria inayoruhusu abiria mmoja, tena mvua ya alasiri inayoteremka kutoka Mlima Elgon haigawanywi. Kila mmoja hupata yake nzima. Baiskeli ingefaa, bali Chwele iko juu kuliko Bungoma. Asubuhi unateremka umeshiba chai, ukijiona mwanamichezo. Jioni unapanda na njaa, na mkopo wa masomo wa HELB haujaingia. Kupanga chumba karibu na chuo ni kuilipa nauli kwa jina la kodi, kisha ujipikie ugali mwenyewe.

Wanaosoma Kitale wana somo la ziada: kuuzwa. Gari likifika Kimilili na abiria watatu, utingo huwauza kwa gari jingine linaloelekea Kamukuywa na Kiminini. Bei hupatanwa juu ya vichwa vyao, noti inapitishwa dirishani, na bidhaa yenyewe haiulizwi kitu ila kuhamisha begi. Huko inaanza kungoja upya. Na ikiwa ni Agosti ya mwaka shufwa, msimu wa tohara ya Wabukusu, hata gari lililojaa husimama kumpisha kijana anayegonga chinyimba, njuga za jando, katikati ya barabara, ukoo mzima nyuma yake. Hapo hakuna dereva wa kupiga honi.

Kuna wanaoamini kwamba abiria wakiwa wengi tatizo litajimaliza. Jioni inawajibu. Madarasa yanafunguka, wanafunzi wanamiminika barabarani, gari linajaa kabla halijasimama sawasawa, na papo hapo nauli inapanda. Bei ya mafuta hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati, kila tarehe 14 ya mwezi. Nauli ya jioni hutangazwa na wingu jeusi lolote. Asubuhi mwanafunzi anaadhibiwa kwa uchache wa wenzake, jioni kwa wingi wao.

Simtaki dereva aondoke kwa saa, maana viti vitupu sijui vitalipiwa na nani. Ninalolitaka ni chuo kitambue ratiba ya pili. Mhadhiri asiye na gari ameshaitambua: nusu ya darasa lake inafika naye, na rejista angeweza kuiita njiani, akianza na waliokaa buti.