Yah: Mwandishi Anaomba Atozwe Kodi

Kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, Kampala.
Nakala: Mamlaka ya Mapato, wafurahi nao.

Tume Tukufu inaarifiwa kwamba huku kusini-magharibi, kati ya jiji la Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wapo watu wanaolalamika kuwa serikali imewasahau kwenye kodi. Ni waandishi wa miswada ya filamu.

Serikali haina tabia ya kusahau. Julai 2018 ilianza kumtoza shilingi 200 kwa siku kila aliyefungua WhatsApp au Facebook. Julai 2021 ikaifuta kodi hiyo, ikaweka asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Kijana wa Base Camp, huko Nakivale, akitazama kwa simu kichekesho alichoandika jirani yake, kampuni ya simu inapata chake na hazina inapata chake. Jirani anapata salamu.

Tuseme jirani huyo ni mkimbizi kutoka Bukavu, Kongo. Sheria zinampenda mno. Mwaka 2006 ulizaa mbili: ya wakimbizi, inayomruhusu kufanya kazi ya kipato, na ya hakimiliki, inayomlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kuzikwa. Produsa anakuja kutoka Mbarara, anaagiza vipindi sita, anatuma pesa kwa simu mara moja, karatasi hakuna. Sasa sheria hiyohiyo ya hakimiliki inasema kazi iliyoagizwa, pasipo mkataba unaosema vingine, ni ya aliyeagiza. Msimu wa pili unaandikwa na mpwa wa produsa.

Waandishi wenzao wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, wakarudi na nyongeza ya malipo kwa kazi ya mtandaoni itakayotazamwa na asilimia 20 ya wateja wa nchini humo katika siku 90 za mwanzo. Nakivale wakigoma, nani atajua?

Wageni nao si wa kutegemewa. Filamu ya Mganda Loukman Ali, The Girl in the Yellow Jumper, iliingia Netflix Desemba 2021, watu wakashangilia. Januari 2024 Amazon Prime Video ikaacha kuagiza kazi mpya Afrika.

Tume, inayozipa leseni televisheni na kuendesha Tamasha la Filamu la Uganda tangu 2013, inaombwa iongeze sharti moja kwenye leseni: hakuna kipindi hewani bila mkataba wa maandishi na mwandishi, unaotaja mwenye haki na malipo ya kila marudio. Kisha Mamlaka ikate kodi yake. Mwandishi atapanga foleni Mbarara tangu alfajiri, na risiti ataiwekea fremu: itakuwa hati ya kwanza ya serikali kukiri kwamba ana kazi.