Ngeli za Picha Zinazohama: Uchunguzi wa Ufuo wa Shelly

Wanahistoria hugawa zama kwa mawe, shaba na chuma. Mpiga picha wa Shelly, hapa Likoni, ana zama mbili tu: za Picasa na za baada ya Picasa. Google waliacha kuihudumia programu hiyo ya kupangia picha tarehe 15 Machi 2016. Aliyekuwa nayo aliendelea nayo, mpaka kompyuta ilipoanza kujizima yenyewe ikabidi picha zihamishiwe programu mpya. Katika kuhama huko ndipo tabia za picha hudhihirika. Mwanaanthropolojia Heike Behrend wa Ujerumani aliwachunguza wapiga picha wa feri ya Likoni na mapazia yao ya kuchorwa. Mimi nimejichagulia madeni, lakini nitafika huko kwa utaratibu wa kitaalamu.

Ngeli ya kwanza ni ya Waliofufuka. Picasa ilikuwa na staha: ukikata picha, haikuigusa yenyewe, bali iliandika maagizo ya mkato katika faili lililofichwa, .picasa.ini, humohumo kwenye folda. Ilikutaka ubofye kuhifadhi ndipo mkato uwe wa kweli, na nani alikumbuka kuhifadhi siku ya Idd? Programu mpya hailisomi faili hilo. Basi shemeji aliyekatwa pembeni baada ya talaka anarudi na kaptula yake, mkono begani kwa bibi ambaye leo ni mke wa mtu mwingine. Huandamana na muuza miwani, miguu miwili ya ngamia, na kijana asiyejulikana anayefyonza embe nyuma ya bi harusi.

Ya pili ni ya Wasio na Umri. Kamera huandika tarehe ndani ya picha, lakini betri ya saa yake ikifa hurudia tarehe iliyotoka nayo kiwandani, na programu huiamini. Ndiyo maana umati wa sikukuu ya juzi unaonekana kuogelea alfajiri ya karne. Zilizopitia WhatsApp zina hali mbaya zaidi: zimevuliwa tarehe ya kupigwa, zikabaki na jina kama IMG-20190605-WA0012, ambalo halisemi ila siku ya kutumwa.

Ya tatu, Majina Pacha, haina mengi. Namba za kamera nyingi hufika 9999 zikaanza upya, hivyo IMG_0417 ni mtoto juu ya boya la tairi na pia ni mzee wa watu amelala kivulini.

Ngeli nono ni ya nne, Wadaiwa. Folda za zama za Picasa hazikuwa na majina ya sanaa. Ziliitwa “Timbwani mabinti wanne bado mia mbili”, “Shika Adabu wamelipa nusu”, “Baba wa Nakuru atarudi kesho”. Lilikuwa daftari la deni lenye picha ndani yake. Programu mpya ilipopandishiwa mzigo huo ilitupa majina ya folda, ikamwaga kila kitu katika mkondo mmoja wa tarehe. Ina akili, sikatai: andika “ngamia” ikuletee ngamia wote waliowahi kupita Shelly, maji kujaa na maji kupwa. Iulize nani hajalipa, inakuletea machweo.

Mafundi wa ufuoni wamepata dawa. Programu hukusanya nyuso zinazofanana, kisha huuliza: huyu ni nani? Chini ya uso wa Baba wa Nakuru, mmoja wao aliandika deni lake, “Mia Tatu”. Tangu hapo kila anapotokea, hata nyuma ya picha za watu wengine, anaorodheshwa kwa jina hilo. Tatizo la kinadharia lililobaki ni ndugu yake, anayefanana naye kama shilingi kwa ya pili. Yeye alilipa taslimu palepale mchangani, na programu imemwandika Mia Tatu vilevile.