Mama Mkwe Juu ya Tuta

Jumamosi iliyopita, kwenye tuta la tatu kutoka stendi ya Msamvu, mama mkwe wangu aliniambia kwa upole kabisa, "Baba, nishushe hapa. Nitapanda bodaboda." Tuta la kwanza lilikuwa limemvua kilemba. La pili lilimkutanisha na paa. Ana miaka 72 na alikuwa hajawahi kupanda bodaboda. Siku zote huziita farasi wa Israili. Nikamshusha. Kijana akamfunga helmeti, akapakata mkungu wake wa ndizi juu ya tangi, wakaondoka wakivuka matuta kwa madaha, nami nyuma yao nikiruka kama punje ya bisi kwenye sufuria.

Gari ni Land Rover 109 pikapu ya mwaka 1969, na hadi mwezi uliopita lilikuwa na dhambi moja tu: kukata shafti za nyuma. Ukilipa mzigo na kilima, unasikia "ka!", kisha linaunguruma bila kwenda popote. Dawa yake inajulikana: ekseli ya Salisbury, ile nene iliyofungwa kwenye 109 za Series III, zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985. "Inaingia palepale, mzee," nikaambiwa.

Na kweli iliingia. Ila bomba lake ni nene zaidi, kwa hiyo bolti za U za zamani hazikuweza kulikumbatia. Pua ya difu ni ndefu, kwa hiyo propela ikazidi nafasi. Hayo mawili yalimalizwa kwa siku mbili na siyasemi zaidi. La tatu ni vile vibao vya chini vinavyobana springi, ambavyo ndivyo vinavyoshika mguu wa shokamzoba. Vya zamani havikuenea, na vya Salisbury yenyewe muuza skrepa alishavipima kwa kilo. Fundi akasema, "Hivyo navichonga mwenyewe."

Hapa naomba subira, maana tangu Jumamosi sizungumzi kitu kingine, hata mezani.

Nilikuwa nadhani shokamzoba hubeba gari. Haibebi. Anayebeba ni springi, na springi ni mtu asiyejua kunyamaza: ukiigusa inajibu, ikishajibu inajijibu yenyewe. Shokamzoba ni mzee wa baraza anayeiambia, "Basi, imetosha." Ndani mna mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Gurudumu likipanda, pistoni inasukumwa, mafuta yanapenya vile vitundu kwa shida, na ile nguvu ya kurukaruka inageuka joto. Ukiishika baada ya njia mbaya, unaungua kidole: hayo ndiyo makorongo yote uliyopita, yamekuwa moto. Mimi naona ni muujiza. Nyingi hukaza zaidi zinaporefuka kuliko zinapofupika, kwa sababu springi inapojirudi ndipo inaporusha watu. Hata mlalo una hesabu yake. Ukiilaza nyuzi 45, pistoni inatembea kama asilimia 70 tu ya mwendo wa ekseli, na utulivu unaofika kwenye gurudumu unabaki nusu.

Lakini mzee huyu wa baraza ana sharti moja: apewe nafasi, ya kwenda juu na ya kwenda chini. Gari likiwa limesimama, pistoni iwe katikati hivi.

Sasa mtazame fundi wangu. Chasisi imeegemezwa juu, ekseli inaning'inia. Shokamzoba mpya zimetoka kwenye boksi zikiwa bado zimebanwa na mkanda wa plastiki, fupi kabisa, sentimita 33. Zikiachiwa ni 53. Akaning'iniza moja na mkanda wake, akaangalia inapoishia, akachomelea pini hapohapo. Ili pini ifike huko, kila kibao kikaota sikio kama la punda. Nikauliza kama masikio hayajawa marefu. "Mzee, hiyo ndiyo nguvu yake." Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa.

Tulipolishusha, gari halikushuka. Shokamzoba ziligota mwisho na kubeba bodi nzima, springi zikaenda likizo, matako ya gari yakabaki juu. Gereji nzima ikashangilia: "Limesimama kama la jeshi!" Nikapiga picha, nikaweka steitasi.

Kwa hiyo siku ya Jumamosi, kila kilichopaswa kugeuka joto kilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe.

Breki nazo hazikutolewa upepo baada ya kubadili ekseli. Nilisimamishwa na mwarobaini.

Shokamzoba moja ilipinda fimbo. Tukaipasua kwa msumeno. Mafuta hayakujaza kikombe cha kahawa, nayo yalikuwa meusi, yakinuka oili chafu. Chini ya stika ya kampuni kubwa palikuwa na stika nyingine, ya jina nisilolijua. Hapo kicheko kiliniisha. Nilipoirudisha dukani, muuzaji alinionyesha kwa kidole mstari wa mwisho wa risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Kosa la fundi nalimeza. Alikosea mchana kweupe, mbele ya macho yangu, nikimwitikia. Muuzaji huyu alijua anachouza, akapokea bei ya kitu halisi bila kupepesa. Na nilipokuwa natoka, dereva wa Hiace ya wanafunzi alikuwa anaingia, mkononi kashika shokamzoba iliyovuja.

Jana tumepima upya, kwa shokamzoba nyingine: gari chini kwa magurudumu yake, mifuko minne ya mchanga nyuma, mikanda imekatwa. Masikio yamepunguzwa. Pini kwa pini, sentimita 43. Nimevuka matuta yale matatu mara nne, nikiwa na kikombe cha chai mbele yangu. Hakikumwagika sana.

Mama mkwe anaondoka Jumapili. Nilimtangazia kwamba gari limepona na nitampeleka stendi mwenyewe. "Mungu akubariki, baba," akasema. Jioni nilimsikia uani, simu sikioni, akimwita mtu "mwanangu", akimwomba afike saa moja kamili asubuhi, asimamie kule kwenye kona, na asisahau ile helmeti ya pili.