Kabla Hujaanza Kula Kodi

Ukitaka kujifunza biashara ya nyumba za kupangisha Dar es Salaam, anza kwa kusoma kuta. Mbili zinatosha. Ya kwanza imeandikwa kwa herufi kubwa za rangi: NYUMBA HII HAIUZWI. Ya pili haina maneno, ina alama ya X nyekundu. Mwenye ukuta wa kwanza amechoka kuwarudisha wanunuzi waliokwisha kumpa pesa mtu asiyemjua hata kwa sura. Mwenye ukuta wa pili aliambiwa kwamba amejenga ndani ya hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda mbele, zilibomolewa kwa hesabu ya mita 121.5 kila upande. Kwa hiyo dalali akikusifia kiwanja kwamba "kimegusa lami kabisa," shika pochi yako, kisha uliza lami hiyo inadai mita ngapi.

Swali la pili ni hili: mke wa muuzaji yuko wapi? Au mume, kama muuzaji ni mwanamke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na bwana anayekuomba mmalizane haraka kabla mama hajarudi kutoka safari anakuuzia kesi. Nyumba ya marehemu nayo huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Baba mdogo mwenye sauti nene na kofia ya heshima si msimamizi, hata akikaa kiti cha mbele kwenye kila kikao cha ukoo. Kama kuna hati, chukua namba zake ukafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa hata shilingi ya soda. Kama hakuna hati, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, halafu kanywe chai kwa majirani wote wanaopakana na kiwanja. Jirani wa mpakani anajua mambo ambayo muuzaji ameyasahau kwa makusudi.

Kiwanja chenyewe kakione masika. Dalali atapenda kukupeleka mwezi wa Septemba, vumbi linatimka na bonde limekauka kama ukumbi wa harusi uliofagiliwa. Wewe rudi Aprili, tena siku ya mvua, umevaa mabuti. Muulize mama anayekaanga mihogo pale jirani maji hufika wapi, naye atakuonyesha alama ukutani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wa bonde la Msimbazi majumbani mwao, na wengine wakapelekwa kuanza upya Mabwepande. Bonde lile halikuwa siri kwa mtu yeyote. Nyumba zilikuwa na wapangaji ndani, na kodi ilikuwa ikipokelewa.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo ndoto nyingi hulala mlango wazi. Watu husema fulani "anakula kodi," na kwa jinsi wanavyolitamka, utadhani kodi ni embe dodo la kuokotwa chini ya mwarobaini. Chukua nyumba ya vyumba sita iliyokugharimu milioni 60 pamoja na kiwanja, kila chumba shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwaka mzima unapata 4,320,000. Lakini mpangaji hatoki leo akaingia mwingine leo hii hii, basi toa mwezi mmoja wa vyumba kukaa vitupu: 360,000. Katika kilichobaki, 3,960,000, toa asilimia 10 ya kodi ya serikali kwenye pango, yaani 396,000. Weka 360,000 nyingine ya rangi, vitasa, bati linalovuja na bomba lililopasuka usiku. Umebaki na 3,204,000. Kwa mwendo huo milioni 60 zako zitarudi baada ya miaka zaidi ya 18. Mtoto uliyembeba mgongoni wakati wa kumwaga msingi atakuwa anapiga kura.

Na ukizikopa milioni 60 zote kwa riba ya asilimia 15, mwaka wa kwanza riba peke yake inakaribia milioni 9. Nyumba inaingiza nne na kidogo. Ndiyo maana nawaheshimu wazee wetu waliojenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao matofali, chumba kimoja kikiezekwa kinapangishwa kije kuezeka cha pili. Wanaopita na kucheka mapagale hawajapiga hesabu. Pagale halidai riba.

Mimi nimekulia kwenye nyumba ya Kiswahili ya kupanga, vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, na uani choo kimoja, bafu moja na bomba moja. Nililolijua nikiwa na miaka saba wenye nyumba wengi hawalijui wakiwa na sitini: nyumba ya kupangisha inapimwa uani. Mwenye nyumba mtarajiwa hutumia miezi akichagua vigae vya sebule, nakshi za geti na rangi ya ukuta wa mbele, kisha shimo la choo anamwachia fundi achimbe "la kawaida." La kawaida kwa watu wangapi? Vyumba sita ni familia sita. Likijaa, wapo wanaosubiri mvua kubwa ya usiku ili watapishe choo, uchafu uende na maji hadi kwenye visima na miguu ya watoto wa mtaa wa chini. Huo ni ukatili, na hauna jina zuri zaidi. Chimba shimo kubwa, acha njia ya gari la majitaka kufika, na gharama ya kunyonya iweke kwenye bajeti ya mwaka kabla ya vigae.

Hapo ndipo inapoingia kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwanafunzi wa biashara hii huipenda sana. Anapokea 360,000 za chumba siku ya Ijumaa, Jumatatu ana sofa jipya, na mwezi wa tatu choo kinapojaa anazima simu. Upande wa pili yupo msichana wa saluni aliyelipa hizo 360,000 pamoja na mwezi mmoja wa dalali, jumla 420,000, kabla hajalaza godoro. Pokea ya miezi mitatu. Utapata wapangaji wengi zaidi wa kuchagua, na fedha zitakufikia wakati matatizo yanapofika.

Mkataba uandike, hata kama mpangaji ni mtoto wa rafiki yako. Uandike kwa Kiswahili, useme kiasi, muda, nani anatengeneza nini na notisi ya siku ngapi. Siku ya kukabidhi funguo pigeni picha za chumba pamoja, kila mmoja abaki nazo kwenye simu yake. Na mkigombana, njia ipo: mjumbe, serikali ya mtaa, baraza la kata, halafu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuezua bati ili mpangaji anyeshewe na kung'oa mlango wakati yuko kazini havimo kwenye orodha hiyo. Mtu mzima anayepanda juu ya nyumba yake mwenyewe kuibomoa ili ashinde ugomvi wa 60,000 anachekwa na mtaa mzima, na anastahili.

Usihesabu wageni wa mpangaji. Usiingie chumbani kwake bila hodi. Kuta ni zako, lakini amelipia mlango.

Limebaki la umeme. Kwenye mita moja ya vyumba sita kutakuwa na mwenye friji, mwenye pasi na bibi mwenye taa moja, na kila mwisho wa mwezi watagombana huku wewe ukiitwa hakimu. Funga submita kila chumba, ugomvi utaisha. Kisha fungua risiti ya LUKU uisome vizuri. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humo, na kwa nyumba ya kawaida kiwango kilichowekwa mwaka 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, ilhali jengo ni lako. Kwa mwaka ni shilingi 18,000. Warudishie wapangaji wako.